Kuitwa Mara Moja

Zamani mtu akiitwa msituni alisubiri aitwe mara ya pili ndipo aitikie. Siku hizi kijisimu kikilia mara moja tu mtu anaitika mbio, hata yuko chooni, na wala hamjui anayemwita.

Neno hilo Mzee Aron alilisema mara nyingi barazani kwake, juu ya bonde la Mlalo, hata majirani wakawa wanalimalizia kabla yake. Hakujali. Alikuwa amefika umri wa kusema jambo kwa kuwa ni la kweli, si kwa kuwa kuna anayelisikiliza. Vijana walipita na vidude masikioni, shikamoo imewakauka midomoni, naye akawatazama mpaka wakapotea kwenye migomba, kisha akatema mate pembeni.

“Mtu huita mara mbili,” alikuwa akisema. “Kisicho mtu huita mara moja.”

Ndivyo walivyoamini wapasua mbao wote wa upande ule, hasa waliofanya kazi korongo la Kwemvumo. Kule mto unapita kati ya kuta mbili za mwamba zilizokaribiana kama watu wanaonong’onezana, na maji yakianguka yanatoa sauti za kila namna. Utasikia mtoto analia. Utasikia mama yako aliyekwisha kufa. Utasikia jina lako, safi kabisa, kama umeitwa mezani. Ukiitika na kuifuata sauti hiyo, mguu wako unakanyaga ukungu, na ukungu haubebi mtu. Wazee walisema ni mizimu, wachungaji wakasema ni ushirikina, lakini wachungaji hawakuwa wakipasua mbao Kwemvumo.

Aron mwenyewe hakuzaliwa na neno hilo. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na nyumbani kwao mambo ya msituni hayakutajwa. Aliyemfundisha alikuwa Saidi, Msambaa mwenzake, Mwislamu wa ng’ambo ya bonde, aliyemzidi kidogo kwa umri na kwa mbali kwa maneno. Siku ya kwanza kupasua pamoja, Aron akiwa juu ya gogo na Saidi chini shimoni, ilikuja sauti kutoka majini: Aron! Naye kijana akaitika, “Naam!”

Msumeno ukasimama.

“Wewe mtoto wa misheni,” Saidi akasema kutoka shimoni, “umemwitikia nani?”

“Si umeniita?”

“Mimi? Kinywa kimejaa unga wa mbao mpaka kooni. Nikuite kwa pua?”

Akatoka shimoni, mweupe kwa unga kama mwendesha mashine ya kusaga, akamkalisha chini akamweleza. Tangu siku hiyo wakawa na sheria yao. Msituni jina huitwa mara mbili. Na kwa kuwa mtu wa chini hawezi kufumbua kinywa wakati wa kazi, waliongeza lao wenyewe: Saidi alikuwa na jiwe shimoni, akitaka kusimamisha kazi anagonga gogo mara moja. Akigonga mara mbili, ko, ko, maana yake: ni mimi, nipo, tuendelee.

Miaka mingi walifanya kazi hivyo. Aron juu, akifuata mstari uliopigwa kwa uzi uliochovywa weusi wa betri kuukuu. Saidi chini, akila unga. Mara moja tu Aron alisema wabadilishane. Saidi akacheka.

“Wewe una macho ya kusomea Biblia, mghosi. Mimi mstari wenyewe siuoni. Kaa huko juu na malaika wako.”

“Na kifua chako?”

“Kifua changu cha Mwislamu. Kinaswali mara tano kwa siku, kitashindwa na unga wa mti wa mkulo?”

Mghosi ndivyo Wasambaa wanavyoitana wanaume, na Saidi alilitamka neno hilo kwa namna ambayo Aron hakuisikia kwa mtu mwingine, kama anakupa kitu mkononi.

Mchana Yusta, mke wa Aron, alikuja na chungu cha makande kichwani. Hakuwahi kupika ya mtu mmoja. Hata siku ambazo Saidi hakuja kazini, makande yalikuja ya wawili, na Aron akalazimika kuyamaliza. “Nikipunguza,” Yusta alisema, “mkono unajisikia vibaya.” Siku hizi nani anapika hivyo? Watu wanahesabu maharage.

Kisha upasuaji ukapigwa marufuku, watu wakaambiwa msitu ni wa serikali. Haya. Lakini waliokuja baadaye na misumeno ya injini, usiku usiku, hao msitu ulikuwa wao. Mkulo ambao Aron na Saidi waliuomba radhi kabla ya kuuangusha, na kuushughulikia juma zima, ulilazwa chini kabla chai haijapoa. Saidi akahamia Muheza kulima machungwa. Aron akabaki na kabichi zake, karoti na kinyongo.

Waliendelea kupelekeana salamu, kwanza kwa watu, baadaye kwa simu. Mpaka Yusta alipofariki.

Siku ile Aron alipiga simu mwenyewe. Saidi alisema neno moja tu: “Ninakuja.” Aron akawaomba wachungaji wasubiri. Wakasubiri mpaka jua likapinduka, mpaka waimbaji wakaishiwa nyimbo, mpaka wazee wakaanza kutazamana. Saidi hakuja. Hakuja siku ya kuanua tanga wala baadaye. Hakupiga simu kueleza, na Aron hakupiga kuuliza. Ukisubiriwa kaburini usifike, utaulizwa nini tena?

Miaka mitatu ikapita hivyo, kimya.

Ndipo siku moja, kiangazi kikiwa kinaishia, gari dogo la kijivu likapanda njia ya udongo na kusimama chini ya nyumba. Aron alikuwa ndani. Akasikia, “Hodi hapa kwa Walutheri!”

Sauti aliijua. Akakaa kimya.

“Hodi tena!”

“Karibu,” akaitika.

Saidi aliingia akitabasamu, mfupi kuliko Aron alivyomkumbuka, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nyuma yake binti yake, Shamsa, ambaye Aron alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa kunyonya, na mume wake, Sharifu, kijana mtaratibu wa Tanga mjini, aliyekuwa akiendesha gari.

“Shikamoo baba,” Shamsa alipiga goti kidogo.

“Marahaba, mwanangu.”

“Kumbe bado hujaacha?” Saidi akasema. “Nyumbani kwako nikubishie hodi mara mbili?”

“Wewe ndiye uliyenifundisha.”

“Nilikufundisha ya msituni, mghosi. Nyumbani mtu anafungua mlango.”

Wakacheka, na kicheko kile kilimuuma Aron, maana kilikuwa kitamu. Kutoka pale walipokaa kaburi la Yusta lilionekana waziwazi, saruji yake nyeupe kando ya migomba. Saidi alilitazama. Midomo yake ikacheza. Aron akasubiri. Hata baada ya miaka kumi, mtu akifika kwenye nyumba iliyofiwa, neno la kwanza ni pole. Baada ya hapo ndipo maji ya kunywa. Mtoto mdogo analijua.

“Mghosi,” Saidi akasema, “nataka unipeleke Kwemvumo. Leo hii. Hawa watoto nimewasimulia habari za shimo letu, wanadhani natunga.”

“Kwemvumo?”

“Nikishaliona shimo nitarudi nikae. Twende kwanza.”

Hivyo tu. Twende kwanza. Aron akanyanyuka kuchukua panga lake. Amelipita kaburi kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa mtu mwenye mguu mzima. Unapanda kupitia mashamba ya viazi, unaingia kwenye mikaratusi, ndipo msitu wenyewe, au kilichobaki. Aron alitangulia. Alimwonyesha Shamsa palipokuwa na mikulo ambayo watu wanne hawakuweza kuikumbatia, na sasa pana magugu. Alimwonyesha kibao kilichochorwa mshale na mtu mwenye begi mgongoni.

“Hiki ni cha nini, baba?”

“Cha wageni. Wanakuja kutembea.”

“Si vizuri?”

“Kutembea bila mzigo ni kazi ya mtu aliyekosa kazi,” Aron akasema. “Sisi njia hii tuliipita na mbao begani. Hakuna aliyetuwekea mshale.”

Sharifu akacheka kwa adabu na kupiga picha. Saidi alikuwa nyuma. Kila baada ya kona alisimama, akaegemea fimbo, akatazama mabonde kwa muda mrefu.

“Baba, pumzika kidogo,” Shamsa alimwambia.

“Sipumziki. Naangalia mandhari. Hebu ona ule moshi wa Rangwi.”

“Hakuna moshi wowote Rangwi,” Aron alisema bila kugeuka.

“Basi ni macho yangu. Nilikuambia siku nyingi sina macho.”

Tambarare imemharibu, Aron aliwaza. Anakula machungwa, anakaa kivulini, sasa kilima cha watoto kinamshinda, naye anakipa jina la mandhari. Wakati wote masikio yake yalikuwa nyuma, yakitegea. Alitaka kitu kimoja tu siku ile. Saidi aseme, “Pole ya Yusta.” Hata asieleze sababu, hata adanganye. Aron alikuwa tayari kusamehe tangu alipoisikia hodi ya kwanza. Alichokosa ni neno la kusamehe. Lakini Saidi alizungumzia moshi, ndege na mbega aliyeruka mtini, na kila neno lisilokuwa lile liliongeza jiwe kifuani mwa Aron.

Walipofika korongoni mvumo wa maji uliwafunika. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini, baridi, na kuta za mwamba zilikuwa zimevaa majani mabichi kama zamani. Hapo palikuwa hapajaharibika. Watu hawakuwa wamepata namna ya kuuza mahali pale. Shamsa alishika mdomo kwa mikono miwili. Saidi alikaa juu ya jiwe, kifua kikipanda na kushuka.

“Shimo ni kule, nyuma ya mwamba,” alisema. “Njia imeota?”

“Nitatangulia nifyeke,” Aron akasema. “Mtanifuata.”

Akapita kwenye ukingo mwembamba, bega likigusa mwamba, akazunguka kona. Na hapo lilikuwepo. Shimo lao. Limejaa majani makavu na magugu, lakini kingo zake bado zilisimama wima kama zilivyochimbwa, na gogo moja la kuegemezea lilikuwa bado limelala pale, jeusi, limeota uyoga. Aron alisimama ukingoni, panga likining’inia. Aliona mahali Yusta alipokuwa akitua chungu.

Ndipo akaitwa.

“Aron!”

Ilikuja ikiwa imechanika, juu ya mvumo, kutoka nyuma ya mwamba. Mguu wake ulikwisha kunyanyuka. Sauti aliijua. Tusiseme hakuijua, ukishinda na sauti ya mtu shimoni ujana wako wote, unaijua hata ikipita ndani ya maji. Lakini aliurudisha mguu chini. Mara moja, alijiambia. Mtu huita mara mbili. Na chini ya sheria hiyo kulikuwa na kitu kingine, kilichojikunja kama nyoka chini ya jiwe: aite tena. Mimi nimesubiri kaburini mpaka jua likapinduka. Yeye anajua sheria, ndiye aliyeileta. Kama ananitaka, aite mara ya pili.

Akasubiri. Maji yakavuma. Ndege mmoja akalia ng’ambo. Akasubiri mpaka shingo ikamuuma kwa kutega sikio.

Hakuna aliyeita.

Aliporudi alimkuta Saidi pale pale juu ya jiwe, Shamsa amemshika bega, Sharifu amesimama na chupa ya maji.

“Umeliona shimo?” Saidi akauliza, taratibu.

“Limefukiwa na majani.”

“Halionekani kabisa?”

“Halionekani.”

Saidi alimtazama kwa muda. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la swali lingine. “Basi turudi,” akasema.

Kurudi walichukua muda mrefu, na hakuna aliyetaja mandhari. Nyumbani Aron aliwapa chai ya mchaichai na viazi vya kuchemsha. Hakupika makande. Saidi alishika kikombe kwa mikono miwili na hakukimaliza. Alisema watoto wana safari, giza lisiwakute mlimani. Kabla ya kuingia garini alisimama kidogo upande wa kaburi, akainua viganja akasoma fatiha yake kimya, akajipangusa uso. Aron aliliona hilo akiwa mlangoni. Hakulihesabu. Alikuwa anasubiri neno, na dua ya Kiarabu isiyosikika haikuwa neno.

Mvua za vuli zilipoanza, simu ililia. Aliitika mara moja, kama hao vijana anaowasema. Alikuwa Shamsa.

“Baba Aron, shikamoo. Baba ametutoka. Tumemzika jana alasiri.”

“Jana?”

“Kwetu hatuweki maiti. Nilikupigia asubuhi yote, haikupatikana.”

Aron alikuwa ameizima. Siku hizo alikuwa akiizima ili watu wamwache. Akakaa kwenye kiti cha barazani, na mvua ikaanza kumpiga magotini, hakusogea.

“Nilidhani amezidiwa na uzee,” alisema. “Alikuwa anasimamasimama njiani.”

“Si uzee, baba. Ni kifua. Madaktari walisema ni vumbi la mbao, la zamani, limekaa ndani. Miaka mingi sasa. Siku ya msiba wa mama Yusta alipanda basi asubuhi. Akafika Mombo. Pale pumzi ikakata, watu wakamlaza kwenye baraza la duka la mtu, kisha wakamrudisha kwetu. Akatukataza tusikwambie.”

“Kwa nini?”

“Alisema ukijua ni shimo lililomla, hutalala tena. Alisema yeye ndiye aliyetaka kukaa chini. Alitaka akwambie mwenyewe, na akuombe radhi ya msiba. Lakini si nyumbani. Alisema Yusta alikuwa akimlisha pale shimoni, basi pole yake ataisemea pale pale.”

Mvua ilizidi. Aron alilazimika kuibana simu sikioni.

“Aliniita,” akasema.

“Alikuita kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Mara ya pili haikutoka. Mimi nikasema nikuitie, akanizuia. Akasema sauti ya mwingine si yake. Akasema, ‘Ataijua. Hata nikiita mara moja, ataijua ni mimi.’ Tukakaa tunakusubiri.”

Baada ya hapo Aron alisema maneno ya msiba yanayosemwa, naye Shamsa akaitikia yanayoitikiwa. Aliahidi kwenda Muheza barabara ikitengemaa. Ilitengemaa, naye hakwenda. Angekwenda kumwambia nani? Barazani bado anakaa, na vijana bado wanapita na vidude vyao masikioni, lakini lile neno lake la kuitwa mara mbili majirani hawalisikii tena. Wanadhani amelisahau.

Anachokirudia siku hizi ni jioni ile, gari likiwa limekwisha kugeuzwa kuelekea chini. Sharifu yuko kwenye usukani, Shamsa ubavuni mwake, Saidi nyuma peke yake. Aron amesimama mlangoni, mikono nyuma, hakushuka hata ngazi moja. Kioo cha nyuma kikateremshwa. Saidi akafumbua kinywa, akakifumba. Kisha mkono wake ukatoka dirishani, mkono ule ule mpana wa mpasua mbao, na kiganja kikapiga bati la mlango: ko, ko.

Sharifu alidhani anaambiwa twende, kama makonda wanavyopiga ubavu wa basi, akaondoa gari. Na Aron, akiwa mlangoni pake, akilitazama vumbi linavyoshuka kona na mkono ule bado uko nje, naye alidhani hivyo hivyo.